Kupiga Filamu ya Mabaharia Baharini Wakati wa Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu filamu za hali halisi zilizotengenezwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kuhusu mabaharia wa meli za shehena. Mfano mkuu ni Western Approaches ya mwaka 1944, kwa sababu ndiyo iliyokwenda mbali kuliko nyingine: mabaharia wa kweli, mashua ya kweli, bahari ya kweli, na juu ya hayo kamera ya rangi ambayo haikuundwa kwa kazi ya baharini.

Western Approaches ni filamu gani hasa?

Ni filamu ya takriban dakika 80 iliyotengenezwa na Crown Film Unit, kitengo cha filamu cha Wizara ya Habari ya Uingereza. Kitengo hicho kilianza kama kitengo cha filamu cha shirika la posta, GPO, kisha kikabadilishwa jina na kuhamia chini ya wizara mwaka 1940. Mwandishi na mwongozaji alikuwa Pat Jackson. Mpigapicha alikuwa Jack Cardiff, ambaye miaka michache baadaye alipata Oscar kwa upigaji picha wa Black Narcissus. Muziki ni wa Clifton Parker. Marekani filamu ilionyeshwa kwa jina la The Raider.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Meli ya shehena imezamishwa na manusura wako kwenye mashua ya kuokolea. Nyambizi ya Kijerumani inajificha karibu nao, ikingoja meli itakayokuja kuwaokoa. Meli nyingine, Leander, inaelekea huko bila kujua.

Jina hilo lina maana gani?

Ni jina la eneo la bahari lililo magharibi ya visiwa vya Uingereza, mlango ambao karibu meli zote kutoka Amerika zilipaswa kuupita. Ulinzi wa eneo hilo uliongozwa kutoka Derby House, Liverpool, tangu Februari 1941. Kwa baharia wa wakati ule jina hilo lilitosha kumwambia hatari iko wapi.

Ikiwa watu wanasema maneno waliyoandikiwa, inakuwaje filamu ya hali halisi?

Swali hili ni la haki, na jibu lake linategemea unapima nini. Kwa kipimo cha leo hii ni igizo la matukio: kisa kimetungwa, na nyambizi haikuwa ikiwawinda watu hao. Lakini shule ya filamu ya Uingereza ya miaka ya 1930 na 1940 ilikubali kutunga mpangilio wa matukio mradi watu, kazi, vyombo na mahali viwe vya kweli. Target for Tonight ya Harry Watt (1941) ilifanya hivyo kwa marubani, na Fires Were Started ya Humphrey Jennings (1943) ikafanya hivyo kwa wazima moto wa London.

Kulikuwa pia na sababu isiyoepukika. Topido haitoi taarifa. Meli inapopigwa usiku katikati ya Atlantiki hakuna kamera iliyokaa tayari, na mwenye kamera ana kazi ya kuokoa roho yake. Ukitaka kuonyesha siku za mashua ya kuokolea, huna njia ila kuzitengeneza upya. Kinachobaki ni kuuliza zimetengenezwa kwa uaminifu gani, na hapo filamu hii inasimama imara.

Kwa nini hawakuchukua waigizaji?

Kwa sababu mkono wa baharia haudanganyi. Mtu aliyekaa miaka chomboni hushika kasia, hufunga kamba na huketi ubaoni mashua inapoyumba kwa namna ambayo mwigizaji haipati kwa wiki mbili za mazoezi. Mtazamaji asiyejua bahari huenda asiweze kueleza tofauti, lakini ataihisi.

Ugumu uko kwenye maneno. Mtu asiye mwigizaji hukakamaa akipewa hotuba ndefu. Dawa zake ni tatu, na zinafanya kazi hadi leo. Kwanza, mpe sentensi fupi na umwache aiseme kwa lafudhi na maneno ya kwao. Pili, mpe kazi ya mikono wakati anasema, kama kukomba maji, kugawa biskuti au kukunja tanga, ili fikra zisikae kwenye kamera. Tatu, usirudie shoti mara nyingi mno. Wapo ambao jaribio la pili ndilo bora, na la sita tayari limekufa.

Kuna tatizo lingine ambalo waongozaji wa studio hawakuwa nalo: baharia ni mtu wa meli. Wakati wa vita alihitajika melini, na akiondoka katikati ya kazi, uso wake unaondoka na shoti zote alizomo.

Kwa nini mabaharia wa shehena walihitaji filamu? Si walikuwa raia tu?

Ndiyo, walikuwa raia, na hapo ndipo uchungu ulipo. Hawakuwa na sare ya jeshi, na akionekana mtaani kijana wa umri wa kupigana bila sare aliweza kudhaniwa mwoga. Wakati huohuo chakula, mafuta na silaha vilipita mikononi mwao. Zaidi ya mabaharia 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikufa katika vita ile. Mpaka amri ya serikali ya Mei 1941 ilipobadilisha mambo, ilikuwa kawaida mshahara wa baharia kukatwa siku meli yake ilipozama, hata kama yeye alikuwa bado ameshikilia ubao majini.

Filamu ya awali ya kitengo hiki kuwahusu ilikuwa Merchant Seamen ya J. B. Holmes (1941), fupi, ya rangi nyeusi na nyeupe. Western Approaches ilikuja kuwapa nafasi pana zaidi.

Kamera ya rangi ya wakati ule ilifanyaje kazi?

Technicolor ya wakati huo haikutumia ukanda mmoja wa rangi. Ilitumia kanda tatu za rangi nyeusi na nyeupe zikipita ndani ya kamera moja kwa wakati mmoja. Nyuma ya lenzi kuna prizimu mbili zilizogandishwa pamoja, katikati yake pakiwa na tabaka jembamba la madini linalopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine. Mwanga unaopita moja kwa moja huenda kwenye kichujio cha kijani na ukanda wa kwanza. Mwanga unaoakisiwa hupita kwenye kichujio cha zambarau-nyekundu na kufikia kanda mbili zilizobanwa uso kwa uso: wa mbele hunasa buluu, na wa nyuma yake hunasa nyekundu.

Kiwandani kila negativi (ukanda uliopita kwenye kamera) hutengenezewa ukanda wa jelatini yenye miinuko, unaobeba wino kama muhuri. Negativi ya kijani hutoa wino wa zambarau-nyekundu, ya nyekundu hutoa wa buluu-kijani, na ya buluu hutoa wa manjano. Wino tatu hupigwa moja juu ya nyingine kwenye ukanda wa kuonyesha.

Sasa piga hesabu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, ukanda wa milimita 35 hula futi 90 kwa dakika. Kasha la futi 1,000, yaani takriban meta 305, linaisha kwa dakika 11. Lakini kanda ni tatu, kwa hiyo dakika 11 za picha zinakula futi 3,000 za negativi, katika nchi iliyo vitani ambako kila kitu kiligawiwa kwa kipimo. Kamera ikiwa ndani ya kasha lake la kuzuia kelele ilizidi kilo 150, uzito wa watu wawili wazima.

Kipi kilikuwa kinaharibika kamera hiyo ikiwekwa ndani ya mashua?

Karibu kila kitu, na kwa sababu zinazoeleweka.

Mwanga ndio wa kwanza. Kwa kuwa mwanga mmoja unagawanywa mara tatu na kupita kwenye vichujio, kamera hii ilitaka mwanga mwingi mno. Studio ilijazwa taa kubwa. Kwenye bahari ya Ireland nje ya bandari ya Holyhead, Wales, ambako sehemu za mashua zilipigwa kwa miezi, taa yako ni jua, nalo hufichwa na mawingu siku nzima. Ukifungua tundu la lenzi ili upate mwanga, kina cha picha, yaani umbali unaoonekana kwa ukali, kinapungua, na mashua inayoyumba humtoa mtu kwenye ukali wa lenzi kila wimbi linapopita. Msaidizi anayeshika gurudumu la lenzi anakimbizana na bahari.

Pili ni zile kanda mbili zilizobanwa. Nyekundu hunaswa na ukanda wa nyuma baada ya mwanga kupita kwenye ukanda wa mbele, kwa hiyo hata siku nzuri picha yake ni laini kidogo. Kanda zikiachana hata kwa unywele, kwa unyevu au mtikiso, nyekundu inatawanyika na nyuso zinaonekana kama zimepakwa ukungu. Ubaya wake ni kwamba hutaona hapohapo. Utaambiwa siku kadhaa baadaye na maabara, na bahari uliyoipiga imeshaondoka.

Tatu ni chumvi. Maji ya chumvi yakikauka kwenye lenzi huacha utando unaotawanya mwanga, na ukiupangusa mkavu unakwaruza kioo. Ndani ya mitambo chumvi hula chuma. Mwili wa kamera unahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila jioni, na lenzi kuoshwa kwanza, kisha kupanguswa.

Nne ni uzito wenyewe. Kilo 150 zikiwekwa juu ya usawa wa mabao hukipandisha juu kitovu cha uzito wa mashua, nayo huanza kulalia upande. Ukiweka kamera tezini, omo inanyanyuka na mashua inaonekana tofauti na shoti ya jana. Lazima upange watu na mifuko ya mchanga upande wa pili, nje ya picha.

Na tano, kichefuchefu. Mtu anayetazama ndani ya kitundu cha kamera huku mashua inapanda na kushuka hupoteza upeo wa macho, na ndiye wa kwanza kutapika. Si udhaifu wa mtu. Macho yanaambiwa amekaa tuli huku masikio ya ndani yanasema anarushwa.

Kwa nini basi hawakutumia tangi la studio? Ingekuwa rahisi.

Ingekuwa rahisi, na filamu nyingi za kubuni za miaka hiyo zilifanya hivyo. Lakini maji hayapunguzwi ukubwa. Tone la maji lina ukubwa wake, uwe umejenga meli ya meta 100 au mfano wa meta 2. Ndiyo maana kwenye tangi unaona matone makubwa kama ngumi yakiruka kando ya "meli", na povu linalotoweka haraka mno.

Wapo wanaopiga mfano kwa kasi kubwa ili uonekane mzito. Kanuni ni kuzidisha 24 kwa kipeuo cha pili cha uwiano: mfano wa 1 kwa 4 unahitaji fremu 48 kwa sekunde, na wa 1 kwa 16 unahitaji 96. Hilo linatibu mwendo, halitibu matone.

Ukitaka kutofautisha unapotazama, angalia mambo haya: upeo wa macho unainama na kunyooka pamoja na mashua, au umekaa tuli kama ukuta? Mawimbi yanatoka upande mmoja yakiwa marefu, au yanarudi kutoka pande zote kwa sababu yamegonga ukuta wa tangi? Nywele na tanga vinapeperuka upande uleule ambao povu linakwenda? Katika Western Approaches mashua ikizama kati ya mawimbi mawili, upeo wa macho unapotea kabisa, kisha unarudi. Hisia hiyo ya kutoonekana na mtu yeyote ndiyo roho ya filamu.

Walifanyaje ili shoti za siku tofauti zifanane?

Hili ndilo linalowatesa wanaopiga filamu baharini hadi leo. Mashua inasota, jua linatembea, mawingu yanabadilika, na maji kupwa na kujaa yanabadilisha mawimbi. Mazungumzo ya dakika mbili yanaweza kuchukua siku nyingi kupigwa.

Kinachosaidia ni kuandika, kwa kila shoti, jua lilikuwa upande gani wa omo, saa ngapi, upepo ulitoka wapi, bahari ilikuwa na urefu gani, na nani alikaa ubao upi. Jua likishahama, unaizungusha mashua kwa kamba badala ya kuizungusha kamera. Pwani isionekane, na karibu na Holyhead milima ya Wales iko pale pale. Mkondo wa povu unaoachwa na mashua inayovuta usionekane. Ndege wa pwani pia: kundi la shakwe juu ya watu walio katikati ya Atlantiki linamwambia baharia yeyote kwamba nchi kavu iko jirani.

Ndevu nazo. Mtu akinyoa Jumapili, siku zake za mashua zimefutika.

Sauti ilirekodiwaje?

Wakati huo sauti ilirekodiwa kwa mwanga kwenye ukanda wa filamu, kwa mashine nzito iliyohitaji umeme thabiti. Kinasa sauti cha sumaku hakikuwa kimeingia kwenye kazi ya filamu Uingereza. Baharini upepo huvuma kwenye maikrofoni, maji hupiga ubavu wa mashua, na kamera ya kanda tatu hunguruma isipofungwa ndani ya kasha lake. Kwa sababu hizo filamu za namna hii hutegemea sana kurekodi sauti za kando na kuzipanga wakati wa uhariri.

Je, nyambizi iliwahi kweli kutumia manusura kama chambo?

Kisa cha filamu ni cha kutungwa, na kisichukuliwe kama ripoti. Kinachojulikana ni kwamba nyambizi mara nyingi ziliibuka karibu na mashua kuuliza jina la meli na shehena yake. Na baada ya tukio la Laconia, meli iliyozamishwa na U-156 tarehe 12 Septemba 1942, kamanda wa nyambizi za Ujerumani, Karl Dönitz, alitoa amri ya kukataza kuwaokoa manusura. Hofu ya mabaharia ilikuwa na msingi.

Redio ya mashua katika filamu pia ni ya kweli. Ishara ya meli iliyoshambuliwa na nyambizi ilikuwa SSSS, na RRRR kwa meli ya kivita iliyo juu ya maji. Tatizo la redio ni lile linaloiendesha filamu: anayekusikia anaweza kuwa rafiki, anaweza kuwa adui.

Mabaharia wasio Wazungu wako wapi kwenye filamu hizi?

Wamekosekana kwa kiasi kikubwa, na ni vizuri kulisema wazi. Vita vilipoanza, takriban robo ya mabaharia wa meli za biashara za Uingereza walikuwa kutoka India, wakiongozwa na maserahangi wao (viongozi wa mabaharia), neno ambalo pwani yetu inalijua. Walikuwepo pia Wachina, Wasomali, Wayemeni na watu wa Afrika Magharibi. Poon Lim, mhudumu wa melini kutoka Hainan, alikaa peke yake kwenye chelezo siku 133 baada ya Ben Lomond kuzamishwa tarehe 23 Novemba 1942.

Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, nyambizi ya Kijapani I-29 ilizamisha Tilawa, meli ya abiria na shehena iliyotoka Bombay kuelekea Mombasa na bandari za kusini. Kati ya watu 958 walikufa 280. Na tarehe 12 Februari 1944 Khedive Ismail, meli iliyokuwa imebeba wanajeshi kutoka Kilindini, wakiwemo wapiganaji wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilizamishwa karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297. Anayeonyesha Western Approaches darasani Mombasa au Tanga ana kila sababu ya kuziweka meli hizi mbili kando yake.

Kwa nini rangi zake bado ni nzuri baada ya miaka 80?

Kwa sababu negativi zake hazina rangi. Ni kanda tatu za fedha, nyeusi na nyeupe, na fedha haichujuki kama wino wa filamu za rangi za miaka ya baadaye. Anayezihuisha huskani kila ukanda peke yake, kisha huzilinganisha kwa kompyuta. Kazi ngumu ni kwamba kila ukanda umesinyaa kwa kipimo chake, kwa hiyo usipolinganisha fremu kwa fremu utaona pindo jekundu au la kijani kando ya nyuso.

Filamu za wakati ule ni za naitreti, plastiki ya zamani inayoshika moto haraka, na naitreti ni hatari. Ikiwaka inajitengenezea oksijeni yenyewe, hivyo maji hayaizimi. Ukikuta kopo la zamani lenye harufu kali, ukanda unaonata au unga wa kahawia, usilifungue wala usilihifadhi nyumbani. Liweke mahali pa baridi, penye hewa, mbali na moto, na uwaite wahifadhi wa nyaraka.

Nataka kupiga filamu ya mabaharia wazee kwenye mashua, Mombasa au Unguja. Nianzie wapi?

Anza na majira. Kusi likishika kasi, katikati ya mwaka, bahari ni nzito. Kipindi cha maleleji, pepo zinapobadilika, ndicho rahisi. Chagua siku za maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3 na mkondo wa mlangoni utakuhamisha kabla hujamaliza shoti moja.

Tumia vyombo viwili: kimoja cha kupigwa, kingine cha kamera na uokoaji, chenye injini na mtu asiye na kazi nyingine ila kuangalia watu. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea. Kwa mhusika asiyetakiwa kuonekana nalo, livaliwe ndani ya koti au liwe karibu na mkono wake. Kamera ifungwe kwa kamba fupi kwenye ubao, siyo shingoni mwa mtu. Shika kamera kwa mikono ukiwa umekaa chini, magoti yakifyonza mtikiso. Kisimamio cha miguu mitatu ndani ya mashua hubeba kila mtikiso wa mbao hadi kwenye picha. Chukua chupa ya maji yasiyo na chumvi ya kuoshea lenzi, vitambaa vitano vikavu kwenye mfuko uliofungwa, na betri mara mbili ya unavyodhani.

Mzee apewe kiti cha tezi karibu na usukani, akiwa na kitu cha kushika. Rekodi simulizi lake mara moja nchi kavu, kwa utulivu, kabla hamjatoka. Upepo ukiharibu sauti ya baharini, utakuwa nayo ile.